UZI: Rangi nene hubanduka mapema. Namna ya kupima mkazo wa utando kwa leza na fila geji, na hesabu zake

#1 Vipimo_Iyunga

Wakuu, habari za jioni.

Karakana za mageti, matangi na madirisha, kuanzia Iyunga mpaka Mwanjelwa hapa Mbeya, zina dawa moja kwa rangi inayobanduka: piga mkono mwingine. Kwa kuzuia kutu dawa hiyo ina maana, kwa sababu maji hupata njia ndefu kukifikia chuma. Kwa mshiko wa rangi ni hatari, na hatari yenyewe inapimika, ndiyo maana nafungua uzi huu.

Rangi ikikauka hutaka kusinyaa. Chuma kilicho chini yake kinakataa kusinyaa nayo, hivyo rangi inabaki imevutwa pande zote muda wote, hata geti likiwa limesimama tu. Mvuto huo ndio mkazo wa ndani. Rangi ikianza kuachia, nishati inayofunguka kwa kila mita ya mraba ni:

G = (1 − n²) × σ² × u ÷ (2E)

Hapa σ ni mkazo wa ndani, u ni unene wa rangi, E ni moduli ya Young ya rangi (ukakamavu wake) na n ni namba yake ya Poisson (inavyopungua upana ikivutwa urefu). Angalia unene umekaa wapi. Ukiongeza unene mara tano, nguvu ya kubandua inaongezeka mara tano, ilhali mshiko kati ya rangi na chuma umebaki uleule. Mkazo ndio mbaya zaidi: ukiongezeka mara mbili, G inapanda mara nne.

Chukua epoksi ya E = 3 GPa, n = 0.35, mkazo 5 MPa. Ikiwa na mikroni 50, G ni karibu 0.18 J/m². Ikifika mikroni 250, G ni 0.9. Chuma kilichosafishwa vizuri kinabeba hiyo bila shida. Chuma chenye mafuta, chumvi au vumbi la msasa huenda kisiibebe.

Tatizo ni kwamba watu wanapima unene na hawapimi mkazo. Kuupima hakuhitaji maabara kubwa.

Chukua ulimi wa fila geji (vile vibamba vyembamba vya chuma vya kupimia nafasi) wa milimita 0.20, upana kama milimita 12 au 13. Hakikisha unene kwa maikromita, kwa sababu kwenye hesabu unene huo unapandishwa kipeo cha pili: kosa la milimita 0.01 ni kosa la asilimia 10 kwenye jibu. Ondoa mafuta kwa asetoni. Piga msasa namba 320 upande utakaopakwa tu, upande wa pili uache unang'aa. Msasa wenyewe unakunja ulimi kidogo, kwa hiyo sifuri isomwe BAADA ya msasa.

Bana ncha moja kwenye jiliwa dogo, ulimi ukiwa umelala kwa ukingo wake, yaani upana umesimama wima. Hapo usikosee. Ukiulaza bapa, uzito wake peke yake utaushusha ncha karibu milimita 1.4 kwa urefu wa milimita 100, na hiyo ni zaidi ya kile unachotaka kupima. Saa ya kupimia (ile yenye pini inayogusa kitu) nayo usiitumie kabisa: ulimi wa namna hii una ukakamavu wa newtoni 5 hivi kwa mita, springi ya saa itausukuma mbali kabla hujasoma chochote.

Tumia leza ya kuelekezea, ile ndogo nyekundu. Ielekeze kwenye upande unaong'aa, karibu na ncha, nuru irudi ukutani umbali wa mita 2. Weka alama ya sifuri kwa penseli. Ondoa ulimi, funika mgongo kwa tepu, pulizia rangi, acha milimita 15 za kubana zikiwa tupu, bandua tepu, rudisha palepale. Nuru itakuwa imehama.

1/R = d ÷ (2 × D × L)

R ni nusu kipenyo cha mkunjo wa ulimi, d ni nuru imehama kiasi gani, D ni umbali mpaka ukutani, L ni urefu wa sehemu iliyopakwa kutoka kwenye jiliwa hadi leza inapogonga. Kisha fomula ya Stoney, ya tangu 1909, inayogeuza mkunjo kuwa mkazo:

σ = E(chuma) × t² ÷ [6 × (1 − n) × u × R]

t ni unene wa chuma. E na n hapa ni za chuma, 200 GPa na 0.3.

Mfano: D = mita 2, L = milimita 100, nuru imehama milimita 64. Basi 1/R = 0.16, R = mita 6.25. Rangi ikiwa mikroni 50, σ = 6.1 MPa. Bado kuna sahihisho. Stoney alichukulia utando mwembamba sana kuliko chuma, na mikroni 50 juu ya 200 si nyembamba hivyo. Kwa rangi laini gawanya kwa (1 + u/t), yaani 1.25. Jibu ni 4.9 MPa.

Ulimi ukikunjamana kuelekea upande wa rangi, rangi imevutwa. Ukikunjamana kwenda upande wa pili, imegandamizwa.

#2 Dirisha_Soweto

Mkuu nimeipenda hii. Swali: sisi tunapiga rangi ya unga ya kuokwa, tanuri nyuzi 190. Nikihesabu mkazo wa joto kutoka 190 hadi 20 napata namba kubwa kiasi kwamba kila fremu ingetakiwa kubanduka siku hiyohiyo. Wapi pamekosewa?

#3 Vipimo_Iyunga

Kaka, hesabu isianzie 190. Kwenye 190 rangi ni laini, inatiririka na kujipanga, mkazo wowote unalegea papo hapo. Mkazo unaanza kubaki rangi ikishuka chini ya joto lake la kugeuka kioo. Rangi nyingi za unga za poliesta hugeuka karibu nyuzi 60 hadi 70. Namba kamili iko kwenye karatasi ya bidhaa.

Tuseme ni 65. Juu ya chuma, tofauti ya utanukaji kati ya rangi na chuma tuiweke 50 × 10⁻⁶ kwa nyuzi moja:

σ = E ÷ (1 − n) × tofauti × nyuzi = 3 GPa ÷ 0.65 × 50 × 10⁻⁶ × 45 = karibu 10 MPa.

Juu ya alumini inapungua hadi karibu 8, kwa sababu alumini yenyewe inasinyaa karibu mara mbili ya chuma. Ndiyo maana rangi ileile, tanuri lilelile, inakuwa na maisha mepesi kidogo kwenye fremu ya dirisha kuliko kwenye geti.

Sasa ongeza baridi. Geti hilohilo likipelekwa Njombe au Makete, asubuhi ya Juni ikashuka hadi nyuzi 5, tofauti ya joto inakuwa 60 badala ya 45. Mkazo unafika karibu 14 MPa. Kwa mikroni 70, G inatoka 1.1 hadi 1.96 J/m², ongezeko la zaidi ya robo tatu, na hakuna aliyeligusa geti.

#4 Upepo_Makambako

Kamwene wote. Naongezea kwenye baridi, maana huku kwetu tunaijua.

Baridi haiji peke yake. Masika maji yanapenya kwenye rangi na kukaa pale inapokutana na chuma, mshiko unashuka. Wakati huohuo rangi inavimba kidogo kwa maji, mkazo nao unapungua, kwa hiyo unaona kila kitu kiko sawa. Mvua zikikatika Mei, rangi inakauka na kusinyaa tena, halafu Juni na Julai baridi inaongeza mvuto wake juu ya mshiko ambao tayari umelegezwa. Ukikagua kazi Aprili ukasema imepita, hujakagua. Rudi Julai.

Kuhusu upimaji wa mshiko kwa kukata miraba, ISO 2409, watu wengi wanakata kwa nafasi moja kwa kila rangi. Juu ya chuma, hadi mikroni 60 nafasi ni milimita 1. Kuanzia 61 hadi 120, milimita 2. Kuanzia 121 hadi 250, milimita 3. Zaidi ya 250 kipimo hiki hakifai. Mikato 6 kila upande, miraba 25, na kila mkato ufike kwenye chuma. Tepu ivutwe ndani ya dakika 5 baada ya kubandikwa, kwa pembe ya karibu nyuzi 60, kwa mkupuo wa nusu sekunde hadi sekunde moja. Ukivuta polepole umebadilisha kipimo.

Ukikata milimita 1 kwenye rangi ya mikroni 200 kisu chenyewe kinapasua na kunyanyua kingo, halafu unalaumu praima.

#5 Mafinga_Randa

Wakuu, naomba kuhamisha mada kidogo. Huku kwenye viwanda vya mbao tunatumia visu vya randa vilivyopakwa titani naitraidi, ile ya rangi ya dhahabu. Tabaka ni mikroni 3 kwa maelezo ya muuzaji. Tumepima ugumu kwa Vickers (HV, kubonyeza kwa piramidi ya almasi na kupima alama), mzigo wa gramu 100, tukapata karibu 1000. Muuzaji anasema 2300. Nani mkweli?

#6 Ncha_ya_Almasi

Mkuu wa Mafinga, hiyo 1000 ni ya chuma na tabaka vikiwa vimechanganyika, haiwezi kutumika kumhukumu muuzaji. Fuata hesabu: kwa HV 1000 na gramu 100, ulalo wa alama ni karibu mikroni 13.6. Kina cha Vickers ni ulalo gawa kwa 7, yaani mikroni 1.9. Umezama karibu theluthi mbili ya tabaka, na chuma kilicho chini kimekubali kubonyea muda mrefu kabla hujafika hapo.

Kanuni ya kawaida ni kutozidi asilimia 10 ya unene unapotafuta ugumu. Kwa mikroni 3 hiyo ni nanomita 300. Ukishusha Vickers hadi gramu 10, kama tabaka kweli ni 2300, ulalo utakuwa mikroni 2.8, na hapo kosa la kusoma la nusu mikroni kwa darubini linakuvuruga zaidi ya theluthi moja ya jibu. Kwa hiyo Vickers ya darubini haifai pande zote mbili: mzigo mkubwa unasoma chuma, mdogo hausomeki.

Kinachotakiwa ni nanoindenta, inayorekodi mzigo na kina kwa pamoja wakati ncha ya Berkovich (piramidi ya almasi ya pande tatu) inaingia na kutoka. Uchambuzi ni ule wa Oliver na Pharr wa 1992: mteremko wa mwanzo wa mstari wa kutoka, S, unatoa ukakamavu, na kina cha mguso ni kina cha juu toa 0.75 × P ÷ S, P ikiwa mzigo wa juu. Eneo ni 24.5 × kina cha mguso kipeo cha pili kwa ncha kamilifu, lakini hakuna ncha kamilifu. Lazima ipimwe kwanza kwenye kioo cha silika chenye moduli ya 72 GPa ili umbo halisi la ncha lijulikane.

Ukipeleka sampuli maabara, waambie haya. Mzigo wa juu karibu milinewtoni 35 hadi 40, unaotosha kufika nanomita 300 kwenye titani naitraidi nzuri. Wasubiri kwenye mzigo wa juu sekunde 10 au zaidi kabla ya kutoka. Alama zisipungue 15 au 20, mbalimbali. Na uso usuguliwe laini: kina kiwe angalau mara 20 ya mkwaruzo wa wastani Ra, hivyo kwa nanomita 300 Ra isizidi nanomita 15. Kisu kilichonolewa kwa jiwe hakifiki hapo. Omba kipande bapa kilichong'arishwa, kipakwe pamoja na visu kwenye chemba moja.

Moduli usiiamini hata ukifuata kanuni ya asilimia 10. Ugumu unahusu sehemu ndogo iliyobonyea moja kwa moja chini ya ncha, lakini moduli inahisi chuma cha chini mapema zaidi kwa sababu mnyumbuko unasambaa mbali. Pima kwa vina kadhaa, chora mstari, uurudishe kwenye kina sifuri.

#7 Mafinga_Randa

Ahsante sana mkuu. Visu vyenyewe tabaka linaruka vipande vidogo vya mviringo, si ukingoni tu. Hiyo nayo ni ugumu?

#8 Ncha_ya_Almasi

Hiyo ni mkazo, na safari hii ni wa kugandamizwa. Titani naitraidi inayopakwa ndani ya ombwe kwa kawaida hukaa ikiwa imegandamizwa kwa nguvu kubwa, gigapaskali kadhaa. Mgandamizo huo unasaidia kufunga nyufa, ila mahali ambapo tabaka halikushika, linatunisha mgongo na kuruka.

Ukubwa wa doa linalohitajika unakokotoleka. Mkazo wa kutunisha ni π² ÷ 12 × E ÷ (1 − n²) × (u ÷ b)², b ikiwa nusu ya upana wa doa. Weka E = 450 GPa, n = 0.25, u = mikroni 3, mkazo 3 GPa: b inatoka karibu mikroni 34. Yaani doa la mafuta au punje ya vumbi yenye upana wa mikroni 70 tu inatosha. Ni unene wa unywele. Muuzaji akikupa ugumu wa 2300 huku visu vimeoshwa vibaya kabla ya kuingia chembani, ugumu huo haukusaidii.

Hapa kutunisha kunapendelea tabaka jembamba, lakini G ya kuendelea kubandua inakua na unene vilevile. Usikimbilie kuomba mikroni 6 ili lisitunishe. Omba uoshaji bora.

#9 Kijana_Ikuti

Shikamooni wakubwa. Natengeneza modeli ya elementi finiti (kompyuta inagawa umbo vipande vidogo na kuvikokotoa) ya rangi mikroni 70 juu ya bamba la milimita 1.2, naangalia ukingo. Kila nikigawa elementi ziwe ndogo, mkazo wa ukingoni unapanda, hausimami. Nitumie ukubwa gani wa elementi?

#10 Vipimo_Iyunga

Marahaba. Mdogo wangu, hakuna ukubwa utakaousimamisha. Pale rangi, chuma na hewa vinapokutana, hesabu ya mnyumbuko inatoa mkazo usio na kikomo. Namba unayoipata ni ya ukubwa wa elementi zako. Achana na mkazo wa kilele, kokotoa G.

Weka ufa wa mwanzo kati ya rangi na chuma kuanzia ukingoni, elementi za moja ya kumi ya unene karibu na ncha ya ufa, yaani mikroni 7. Tumia kiungo cha J (J-integral) au njia ya kufunga ufa kwa hesabu, zote hutoa G na zimo kwenye programu. Rudia kwa ufa wa mikroni 35, 70, 140, 280, 560. G itaanza chini, ipande, kisha itulie. Inapotulia lazima ikaribie jibu la fomula ya juu kabisa ya uzi huu: kwa 10.4 MPa na mikroni 70 ni 1.1 J/m². Isipokaribia, tafuta kosa kabla ya kuendelea na umbo gumu zaidi.

Kosa linalojificha hapa ni la joto. Ukitumia modeli ya pande mbili yenye mnyumbuko wa bapa (plane strain), ukashusha joto la rangi na chuma vyote, programu inazuia chuma kusinyaa kuelekea kwako, na mkazo wa uongo unaingia. Rangi ipe tofauti ya utanukaji tu, chuma kipe sifuri. Vizuri zaidi, ingiza mkazo uliopimwa kwa ulimi na leza kama mkazo wa mwanzo, kwa sababu tofauti ya joto haijui chochote kuhusu kusinyaa kwa kemikali na thina iliyotoka.

Na ukingo wenyewe uchore jinsi ulivyo. Pembe kali ya bamba lililokatwa kwa guillotine haina mikroni 70. Rangi inapokuwa majimaji inajivuta na kubaki nyembamba pale, kutu inaanzia hapo. ISO 12944 kwenye daraja la juu la maandalizi inataka kingo zizungushwe kwa nusu kipenyo kisichopungua milimita 2. Bamba la milimita 1.2 halina nafasi hiyo, kwa hiyo likunjwe ukingo.

#11 Dirisha_Soweto

G tumeipata. Tunailinganisha na nini? Tuna mashine ya kuvuta kwa kidoli (kitufe cha chuma kinachogundishwa juu ya rangi) cha milimita 20, inatoa MPa 5 au 6. Rangi ina mkazo wa 10. Mbona haijabanduka?

#12 Vipimo_Iyunga

Kwa sababu namba hizo mbili haziongei kitu kimoja. Kidoli kinavuta wima juu ya uso; mkazo wa ndani unavuta sambamba na uso. MPa kwa MPa hazilinganishwi. Kidoli ni kizuri kwa kulinganisha kazi na kazi, mradi uandike ilivyovunjika: kati ya chuma na rangi, ndani ya rangi, au kwenye gundi. Ikivunjika kwenye gundi hujapima mshiko, umejua tu kwamba mshiko ni zaidi ya hapo. Na kwenye bamba jembamba, bamba lenyewe linajikunja chini ya kidoli na namba inashuka bure.

Cha kulinganisha na G ni nishati ya mshiko, na karakana inaweza kuipata kwa unene. Andaa bamba jinsi unavyoandaa kazi za kila siku, usilioshe zaidi. Pulizia sehemu za mikroni 60, 120, 180, 240 na 300. Tengeneza ulimi wa fila geji kwa kila unene, upate mkazo wake, kwa sababu rangi nene inachelewa kutoa thina na mkazo wake hauwi sawa na wa nyembamba. Kata mstari mmoja mrefu hadi chuma kwenye kila sehemu. Loweka bamba kwenye maji siku kadhaa, likaushe, kisha liache kwenye baridi ya usiku. Angalia ni unene upi unaanza kuachia wenyewe kutoka kwenye mkato, bila tepu. G ya unene huo ndiyo uwezo wa maandalizi yako. Kazi halisi iende kwa unene usiozidi theluthi moja yake.

#13 Upepo_Makambako

Na joto la chumba liandikwe kila usomapo leza. Nyuzi 5 tu zinahamisha mkazo kwa zaidi ya MPa 1. Weka ulimi mwingine usiopakwa pembeni. Nuru yake ikihama, ujue jiliwa au leza ndiyo iliyosogea.

#14 Dirisha_Soweto

Ndaga fijo wakuu. La mwisho: unene juu ya mabati, kipimo cha sumaku kinaniambia mikroni 45 wakati mpulizaji anaapa amepiga 25.

#15 Ncha_ya_Almasi

Huenda wote wawili wako sahihi. Kipimo cha sumaku kinahesabu kila kisicho chuma, zinki ikiwemo. Bati la gramu 275 kwa mita ya mraba, pande zote mbili, lina zinki ya karibu mikroni 19 kila upande. Ukiondoa hiyo kwenye 45 unabaki na 26. Weka sifuri kwenye bati lenyewe lisilopakwa rangi, kutoka roli hilohilo, sehemu tano, tumia wastani. Kisha hakiki kwa karatasi ya plastiki ya unene unaojulikana, ukiiweka juu ya bati hilohilo.